Mumiani wa Saa Kumi na Nusu

Enzi zetu katuni ilikuwa ya nyumba nzima. Televisheni moja, dishi moja juu ya paa la nyumba yetu hapo Ibra, nchi ya Waarabu, na upepo ukivuma lazima mtu apande akalishike. Saa kumi na nusu, alasiri imeshasaliwa, sote tupo chini kwenye jamvi: mimi, binamu yangu Zuwena, sahani ya tende, birika la kahawa, na Bibi ameegemea mto wake.

Katuni yenyewe ilikuwa ya Kijapani, imetiwa maneno ya Kiarabu. Dunia imekwisha, bahari imekauka ikabaki chumvi, na watu wachache wamejifungia katika mji wenye ukuta na kisima kimoja. Nje wanazurura wanyonya damu. Nje huko huko anaishi msichana ambaye baba yake ni mnyonya damu na mama yake ni mtu. Kutwa anaulinda ule ukuta, jioni anagonga lango aingie. Hawamfungulii.

Bibi alitoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha sokoni. Kutafsiri ikawa kazi yangu. "Mnyonya damu" sikujua niseme vipi, nikasema mumiani, wale wa hadithi zake mwenyewe, waliokuwa wakikamata watu na kuwatoa damu. Basi nimeharibu. Katuni zile zilisema Kiarabu fasaha, sawasawa na msomaji wa habari, na Bibi akaamini ni taarifa.

"Wamefika wapi hao?"

"Bibi, hii katuni."

"Katuni gani inasema kama habari ya saa mbili? Nenda kafunge mlango wa uani!"

Zuwena alicheka mpaka akapaliwa na tende. Ilituchukua wiki kumtuliza Bibi, na alipotulia akawa yeye wa kwanza kukaa. Kiswahili nilichonacho leo nilikipata pale, kwa kusahihishwa kila nikifungua mdomo.

Katika katuni yote ile mtu mweusi alikuwa mmoja tu, mpishi, naye aliliwa siku ya kwanza. Zuwena, aliyekuwa mweusi kuliko sisi sote, aliuliza: "Mbona wa rangi yangu ndiye kaliwa mwanzo?"

"Kwa sababu mnene," Bibi alisema. Kisha akamvuta karibu akamsuka nywele, ingawa alikuwa amemsuka asubuhi.

Shuleni walituita Wazinjibari, yaani watu wa Unguja, wakituuliza tutarudi lini kwetu. Babu zetu walitoka Ibra hii hii wakaenda Unguja. Bibi naye kule Unguja alikuwa akiitwa Mwarabu. Hakuwahi kulalamika, ila kila siku, sauti ya televisheni ikiwa juu au chini, swali lake lilikuwa moja: "Wamemfungulia?"

Siku ya mwisho msichana alifika langoni ana jeraha. Akagonga. Walimchungulia kutoka juu ya ukuta, wasishuke. Akageuka, akatembea juu ya chumvi mpaka akawa nukta. Macho ya Bibi yalikuwa yameshaingia ukungu.

"Wamemfungulia?"

"Wamemfungulia, Bibi. Wamempa na maji."

Zuwena alinitazama.

"Nani kamfungulia?"

Hilo sikuwa nimelitayarisha. "Bibi mmoja."

Akamaliza kahawa yake, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka.

"Muongo we. Muziki ule si wa mtu aliyefunguliwa." Akanirudishia kikombe. "Lakini tafsiri yako nzuri. Iache hivyo hivyo."

Mwaka uliofuata niliacha shule. Nimefanya kazi Sur, nimelala Samail, nimeuza mawaridi ya mlimani Jabal Akhdar, na popote nilipokaa nimewauliza watu kama waliiona katuni ile. Wengi wanamkumbuka mpishi.

Juzi nilikuwa Nizwa kwa Zuwena. Wanawe watatu wamejilaza, kila mmoja na simu yake na vipokea sauti masikioni. Mkubwa anatazama wanyonya damu, wa siku hizi, wenye nywele za kuchanwa na roho nzuri. Aliye nusu mtu nusu mnyonya damu anafunguliwa lango sehemu ya kwanza hiyo hiyo, na mtoto wa Zuwena hata haonekani kufurahi.

"Kasemaje huyo?" nikamuuliza.

"Mjomba, yameandikwa chini hapo. Soma."

Nikasoma. Yameandikwa vizuri, hayana kosa. Nikakaa kidogo, nikisubiri mtu aniulize kama wamemfungulia.