Mguu wa Namba Thelathini na Saba

Kwa miaka ishirini na saba, mguu wa kulia wa Graciete ulikuwa mguu wa kiwanda kizima. Kila kiatu cha kike kilichobuniwa pale, kiwe cha kutembelea au cha kukimbilia, kilishonwa kwanza katika namba thelathini na saba, na kabla hakijaruhusiwa kupata ndugu wa namba nyingine kilipelekwa kwake. Ilipogonga saa nne asubuhi aliacha cherehani yake, akaketi kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, akavaa soksi nyembamba ya pamba aliyoitunza kwa kazi hiyo tu, kisha akafunga kamba bila haraka. Saa nne haikuchaguliwa ovyo. Alfajiri mguu bado una usingizi, jioni umevimba kwa uchovu. Katikati ya hizo mbili ndipo unapokuwa wenyewe.

Akishavaa, alipita korido yote, akashuka ngazi za ghala, akapanda njia ya mawe iliyopita kando ya mizabibu hadi kwenye tangi la maji, kisha akateremka mbio. Wanawake wa cherehani walikuwa wakimngoja dirishani.

"Jamani, pisheni! Anapita Malkia wa Mguu Mmoja!"

"Miwili," alijibu siku zote, bila kugeuka. "Wa kushoto ni wa kwangu."

Aliporudi hakusema mengi. Kisigino kinapanda. Ulimi wa kiatu unakata. Penye mafundo ya vidole panabana. Maneno hayo machache yalipelekwa chumba cha nyuma kwa fundi Belmiro, mchonga kalibu, yaani ule mguu wa mti au wa plastiki ambao kiatu hujengwa juu yake. Belmiro aliongeza kipande cha ngozi hapa, akapiga msasa pale, na kalibu ikawa kama Graciete alivyotaka. Hakuna aliyepinga. Katika mji wa Felgueiras, kaskazini mwa Ureno, ambako karibu kila nyumba ina mtu anayenuka gundi ya viatu, kutopingwa si jambo dogo.

Belmiro ndiye aliyemgundua. Siku moja alipita kati ya cherehani akamkuta msichana wa miaka ishirini na sita amevua kiatu, anajikuna kisigino. Akasimama kama mtu aliyeona sarafu barabarani.

"Dada, mguu huo umeupata wapi?"

"Kwa mama yangu, fundi. Na hauuzwi."

Tangu hapo, kila Januari Belmiro aliupima kwa utepe: urefu, mzunguko penye mafundo ya vidole, kimo cha juu ya mguu. Aliandika vipimo kwenye kadi ya manjano. Lakini mwaka juzi mkewe alifariki mwezi huo huo wa Januari, na kadi haikuandikwa kitu. Mwaka uliofuata aliuliza tu mlangoni, "Bado ule ule?" Graciete akajibu, "Ule ule, fundi." Mwaka wa tatu hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kama kumuuliza mtu jina lake.

Nyumbani nako mguu huo ulimpa heshima asiyoiomba. Kila Mei watu wa parokia yao huenda kuhiji Fátima kwa miguu, mwendo wa siku sita, na kila Aprili jikoni kwa Graciete hujaa watu wenye viatu ndani ya mifuko ya plastiki, kama wagonjwa waliobeba picha za mifupa yao. Jioni moja ya Aprili hiyo alikuja Zulmira, dada wa mumewe, ambaye pia hushona pale kiwandani. Alivua koti, akajikatia kipande cha mkate wa mahindi bila kuomba, kisha akatoa viatu vyekundu na kuviweka mezani kando ya sufuria la supu.

"Wifi, tazama hawa mapacha! Thelathini na sita. Vilikuwa vya mwisho dukani."

"Viondoe kwenye chakula kwanza. Umevinunua saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Kwani saa nayo siku hizi ni dhambi?"

"Viatu vya safari hununuliwa jioni, mguu ukishavimba. Vaa, usimame. Nimesema usimame, usikae." Graciete alipiga magoti, akabonyeza ncha ya kiatu. "Hapa mbele panatakiwa paingie upana wa kidole gumba changu. Kwako hapaingii hata ukucha. Siku ya pili tu utakuwa unashuka kilima kwa kilio."

"Nitavizoesha."

"Kiatu hakizoei, Zulmira. Anayezoea ni mguu, na mguu huzoea kwa malengelenge."

"Mimi tangu nizaliwe ni thelathini na sita!"

"Ulizaliwa na miguu ya thelathini na sita? Maskini mama mkwe."

Zulmira alicheka hadi makombo ya mkate yakampalia. Graciete alimgonga mgongoni, akaendelea kwa upole zaidi. "Mguu hautulii pamoja na umri, wifi. Sisi tuliozaa na kupita hamsini, upinde unalegea, vidole vinatanuka. Si aibu."

"Na wako mbona hautanuki?"

"Wangu ni wa kazi," alisema Graciete, na aliliona jibu hilo kuwa linatosha kabisa.

Jumanne iliyofuata masanduku yalirudi kiwandani. Vilikuwa viatu vya kutembelea milimani, jozi elfu nne, vilivyopelekwa katika maduka ya nchi za kaskazini mwishoni mwa majira ya baridi. Wanawake wa huko walilalamika kwa sauti moja: kisigino kinachomoka, mguu unaogelea ndani. Kosa lilikuwa katika kila namba, maana namba zote hukuzwa au hupunguzwa kutoka ile moja ya thelathini na saba.

Ofisi ya Bwana Lobato, mwenye kiwanda, ina ukuta wa kioo. Kwa hiyo wanawake wote wa cherehani walimwona fundi Belmiro akisimama humo na kofia mkononi, na kalibu mezani mbele yake kama ushahidi. Hawakusikia kitu, lakini kabla ya chakula cha mchana habari ilikwisha pita meza zote. Bwana Lobato alikuwa amesema mkono wa fundi umezeeka. Alikuwa amesema Ijumaa atatia saini karatasi, Belmiro apumzike, na kalibu zitoke kwenye mashine ya mjini Porto.

"Miaka arobaini na minne ya kazi," alisema Zulmira, akikata uzi kwa meno. "Na anaondokea mlango wa nyuma kama paka aliyeiba."

Graciete aliendelea kushona. Alikuwa ameingiwa na fikra ndogo, na fikra hiyo haikumwuma bado. Ilikuwa kama changarawe ambayo mtembeaji huisikia soksini na kujiambia ataitoa mbele kidogo.

Kesho yake alifika nyumbani saa kumi na nusu, jua likiwa bado kwenye kigae cha mlangoni. Hakuwasha jiko. Alivua viatu akavitazama. Vilikuwa vile alivyokwenda navyo Fátima mwaka uliotangulia, namba thelathini na nane. Alivinunua vikubwa kwa hekima ile ile aliyowafundisha wengine, kwamba mguu huvimba njiani. Lakini safari iliisha Mei. Mbona alivivaa Agosti? Mbona alivivaa Krismasi, kwenda kanisani, mwendo wa dakika tano?

Kabatini alikuwa na kiatu cha kwanza kabisa alichowahi kukijaribu, zawadi ya Belmiro. Aliketi kwenye ngazi ya mlangoni akaingiza mguu. Uliingia hadi nusu, ukakataa. Alijaribu kwa kijiko cha kuvalia viatu, kwa upole, kisha bila upole.

Alikaa hapo, kiatu kikining'inia vidoleni. Hakuwa amedanganya. Kila aliposema panabana, palikuwa panabana kweli. Lakini je, hakuwa anajua? Alijiuliza hivyo kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko ule ule mara ya tatu. Alikumbuka kwamba tangu mwaka juzi aliacha kutia chumvi kwenye supu ya jioni, akisema ni kwa ajili ya moyo, ilhali moyo wake haukuwa na neno. Alikumbuka soksi ya pamba aliyoinunua nyembamba zaidi. Hayo hufanywa na mtu asiyejua? Au kuna namna ya kujua ambayo mtu huiweka mguuni isipande hadi kichwani? Kisha aliona kwamba jibu si lazima. Kilichohitajika ni utepe wa kupimia.

Alhamisi asubuhi aliingia chumba cha nyuma kabla ya kengele. Belmiro alikuwa akizifunga patasi zake katika kitambaa.

"Nipime, fundi."

"Leo si Januari, binti."

"Zimepita Januari tatu. Nipime."

Alimtazama, akaacha patasi, akapiga goti kwa shida. Utepe ulizunguka. Alipima mara moja, akafuta miwani, akapima tena. Kisha akaitoa kadi ya manjano na kuishika karibu na dirisha.

"Urefu umezidi milimita saba," alisema. "Mzunguko kumi na moja."

"Basi ndio hivyo."

"Mimi niliona," alisema Belmiro, bado yuko chini. "Nilikuwa nikiishika ile kalibu nasema, mbona pana? Halafu najijibu, Belmiro, mkono wako umezeeka, mguu wa Graciete hauzeeki. Nikakuamini wewe nikajikana mwenyewe."

"Na mimi nilidhani ni wewe unayechonga nyembamba siku hizi."

Walitazamana, wakacheka kidogo, kicheko cha watu wawili waliopotea njia kila mmoja akimfuata mwenzake. Belmiro akainuka kwa kushikilia meza.

"Sikiliza. Mimi nimebakiza miaka miwili ya kazi. Wewe umebakiza mingi. Kaa kimya, vaa soksi yako, mambo yapite."

"Hapana."

"Usiwe mkaidi. Ukienda kule mbele, ile saa nne yako imekwisha. Utarudi kwenye cherehani mchana kutwa."

"Nilianzia hapo. Nakujua."

Alikwenda mbele akiwa amevaa kiatu kimoja, mguu wa kulia ukiwa peku, na kadi ya manjano mkononi. Wanawake wa cherehani hawakutania. Ndani ya ofisi ya kioo aliuweka mguu wake juu ya kiti cha wageni, akaeleza tangu mwanzo, Januari baada ya Januari. Bwana Lobato alisikiliza akitazama kadi, kisha mguu, kisha kadi.

"Kwa hiyo tumewavalisha wanawake elfu nne mguu wako, Bi Graciete."

"Ndiyo, bwana. Nao una miaka hamsini na mitatu."

Hakucheka. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Fundi angeondoka na kosa langu begani. Ningekutana naye kila Jumapili kanisani."

Bwana Lobato aliizungusha kadi mezani mara kadhaa. Karatasi ya Ijumaa haikutiwa saini. Lakini soksi ya pamba nayo ilirudi kabatini, na kuhusu hilo hakukuwa na mjadala.

Jumatatu fundi alitoka na utepe kutafuta mguu mpya. Wanawake walivua viatu kwa mpigo, kila mmoja akimlaumu jirani kwa harufu. Wanane walijitangaza kuwa thelathini na saba. Mmoja alikuwa na mzunguko mkubwa, mwingine vidole virefu, mwingine nyayo bapa kama pasi, na hivyo hivyo hadi wa mwisho. Belmiro akasimama mbele ya Zulmira.

"Mimi nipite, fundi. Mimi ni thelathini na sita, kila mtu anajua."

"Nyoosha mguu, mama. Utepe haung'ati."

Aliupima. Akaupima tena, akamwita Graciete aje ashuhudie. Thelathini na saba, bila unywele wa kuzidi wala kupungua. Chumba kilipasuka kwa kelele. Zulmira aliutazama mguu wake kana kwamba umemsaliti mbele za watu.

"Maana yake miaka thelathini nimeumia bure?"

"Bure kabisa, wifi," alisema Graciete.

Kiatu cha mlimani kilishonwa upya juu ya kalibu ya vipimo vya zamani, na siku moja ya mwisho wa Aprili, saa nne, Zulmira alikivaa. Bwana Lobato alikuwa amemruhusu Graciete kumfundisha kwa juma moja. Walipanda pamoja njia ya mawe kando ya mizabibu iliyoanza kuchipua, Graciete akiwa katika thelathini na nane zake, ambazo sasa alizivaa bila kujitafutia sababu. Kwenye tangi la maji Zulmira aligeuka, akateremka mbio huku mikono imetanda, akapanda tena akihema.

"Haya, sema," Graciete alimwambia.

"Kizuri! Na hii rangi, wifi, ukiona na sketi yangu ya..."

"Sikukuuliza uzuri. Kisigino?"

Zulmira alikunja uso. Kwa mara ya kwanza tangu Graciete amjue, alinyamaza ili asikilize kitu. "Kinapanda kidogo. Au nakosea? Kinapanda, sivyo?"

Graciete alifungua kinywa. Kwa miaka ishirini na saba jibu lilikuwa likija lenyewe kutoka chini, kabla hajalitafuta. Alingoja. Miguu yake ilikuwa imetulia, ina nafasi, haina la kusema juu ya kiatu cha mtu mwingine.

"Sijui," alisema. "Kimbia tena, halafu uniambie wewe."

Zulmira alikaza kamba, akateremka.