Uso Uliojaza Disketi ya Mama Safi

Saa mbili na nusu asubuhi umeme unarudi. Mama Safi Amisi anaiacha chai yake mezani na kuikimbilia kompyuta. Katika kiwanda hiki kidogo cha uchapaji, wilaya ya Makiso mjini Kisangani, umeme ukikaa saa mbili ni bahati.

Kunionyesha kazi ya mwezi uliopita, anafungua kijitabu cha kurasa ishirini na kukihifadhi upya kwa jina jingine. Kwa nini? "Kila unapohifadhi, takataka ya jana inabaki ndani," anasema. "Ukibadilisha jina, inatoka. Faili inapungua."

Hayo hakufundishwa na mtu. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na moja, aliyetoka Kasongo na mashine ya kupiga chapa kichwani, ameyagundua mwenyewe tangu kompyuta ilipoletwa miaka miwili iliyopita.

Mabamba ya kuchapia hutengenezwa Kinshasa. Kazi hupelekwa kwa ndege, ndani ya disketi, na disketi moja hubeba kilobaiti mia nane tu. Alikuwa nazo tatu. Mbili zimeota ukungu kwa unyevu wa mji huu. Imebaki moja.

Kijitabu chenyewe ni cha akina mama wanaoishi kwenye maporomoko ya maji ya mto, wake wa wavuvi. Kinawaonyesha jinsi ya kumwokoa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Wengi wao hawajui kusoma, kwa hiyo Mama Safi amechora vijiko vyote, kimoja kimoja.

"Mwaka jana mama mumoja alisikia kwa masikio tu," ananiambia. "Akageuza. Chumvi sita, sukari nusu. Mutoto hakufika magaribi."

Kazi ilipokamilika ilikuwa kilobaiti mia saba na arobaini. Inaenea. Kisha akaja mjumbe, beji ya chama kifuani, na picha ya mkuu wa ofisi iliyotoa idhini ya kuchapa. Jina la ofisi siliandiki. Nami nina watoto. Amri ilikuwa moja: sura ya mkuu ikae kwenye kila ukurasa.

Kila ukurasa, jamani! Kijitabu cha kuharisha!

Mama Safi akaiweka mara ishirini kama alivyoamriwa. Faili likavimba likapita elfu mbili na mia tano, mashine ikaganda, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea.

"Citoyenne, toa vijiko," mjumbe akasema, akimwita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali. "Sukari kila mtu anaijua."

"Citoyen, bamama ba kule habasome. Banaangalia picha."

"Basi wamwangalie chef," mjumbe akasema, akigonga picha ya mkuu.

Papa Félicien, mwenye kiwanda, ambaye jina lake hilo la ubatizo hutajwa mlango ukifungwa tu kwa sababu serikali imepiga marufuku majina ya Kikristo, aliinamisha kichwa. Sasa ananisimulia mwenyewe. "Mimi nilitaka kukubali. Niliogopa. Safi ndiye aliyekataa."

Alikataa kwa ufundi. Programu yake ya kupangia kurasa ina ukurasa mama: kitu ukikiweka pale mara moja, kinatokea kwenye kurasa zote, lakini faili linabeba nakala moja tu. Akaiweka sura pale. Mia nane na thelathini. Bado thelathini zilizidi.

Akaomba aikwangue picha kidogo, ipungue uzito. Mjumbe akakataa katakata: chef lazima aonekane hadi fremu ya miwani.

Ndipo Mama Safi akatoa mchoro mmoja, wa mikono inayonawa kwa sabuni. Vijiko vikabaki. Disketi ikajaa, ikapanda ndege.

Sasa niambieni, wasomaji: mtoto wa mvuvi ananawa kwa miwani ya nani? Mwanamke anapima kila kilobaiti kama mafuta ya mwisho jikoni, halafu mtu mzima na akili zake anakuja kuijaza sehemu ya sabuni kwa uso wake. Ni aibu, na siwezi kuiita kwa jina jingine.

Mama Safi hakasiriki kama mimi. Mchoro wa mikono anao bado, umelala ndani ya bahasha, umefungwa kwa nailoni dhidi ya unyevu. Namuuliza mchoro huo unasubiri nini.

Anacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Bon. Wakubwa banahamishwaka, si ndiyo? Huyu naye atahamishwa. Na mi sikumuweka kwenye kurasa ishirini. Nilimuweka pahali pamoja tu." Anainua kidole kimoja juu ya kibodi. "Siku ile, tukichapa tena, nitafinya hapa mara moja, anatoka kote. Halafu mikono ya mutoto itaingia."

Nikamuuliza kama niyaandike hayo.

"Andika," akasema.