Nikageuka, Nikatembea Polepole

Mume wangu na mimi tulikwenda Bangkok, likizo yetu ya kwanza tangu tuhamie ughaibuni, mtaa wa Schaerbeek. Yeye alitaka mahekalu ya dhahabu, mimi nilitaka soko. Tulikula tambi za kukaanga kando ya barabara mpaka pilipili ikatutoa machozi. Kisha nikaanza kupatana bei kama mama alivyonifundisha Bukavu: taja nusu, ukikataliwa geuka uende zako, lakini tembea polepole. Muuzaji atakuita tu. Na kweli, wote waliniita, hata yule mkaidi wa vitambaa vya hariri. Mume wangu alicheka: «Chérie, hawa watu utawaua na njaa!»

Wiki tatu baada ya kurudi, tukiwa mezani mchana, aliniambia amenichoka. Sikulia. Mjinga mimi, mwanamke mzima, nikachukua sanduku ambalo bado lilikuwa na hariri ya Bangkok, nikashuka orofa nne, polepole, nimetega sikio kila ngazi. Kituoni, ng'ambo ya barabara, niliacha tramu tatu zipite. Dirisha letu lilikuwa wazi. Mvua ikaanza, nikaona mkono wake ukilifunga.