Nesta wa Chapwa, Aliyekataa Kutia Sahihi

Siku ya kwanza Masumbuko alipopatana bei na Nesta, alibaki hajui kama ameshinda au ameshindwa, na hilo halikuwa limempata tangu enzi alipokuwa akiuza ng'ombe Momba.

Alikuwa amemwita ofisini kwake Chapwa, mjini Tunduma, chumba kinachotazama yadi ya malori. Ilikuwa mwaka 2012, na wenye shaba wa upande wa Zambia walikuwa wameanza kudai waone mzigo wao ulipo bila kupiga simu. Masumbuko aliutaka mkataba wa mmoja wao. Mtu huyo alitoa sharti: kampuni ya Masumbuko iwe na mfumo wa kompyuta, na mfumo huo utiwe sahihi na msanifu wa mifumo anayeijua kazi.

"Utanitengenezea programu?" Masumbuko aliuliza.

"Hapana, mzee. Wapo vijana wa kuandika programu. Mimi nasema ziwe ngapi, ipi izungumze na ipi, na moja ikianguka nyingine zifanye nini."

"Kwa hiyo nakulipa useme."

"Niseme na nichore."

"Ng'ombe namfungua mdomo nikatazama meno. Mchoro nitaufungua wapi?"

"Siku mtandao ukikatika Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na malori yako yakaendelea kutoka, utakuwa umeyaona meno."

Masumbuko akakata bei nusu, kama ilivyo desturi. Mtu wa kawaida hushuka kidogo, wewe ukapanda kidogo, mkakutana njiani. Nesta hakushuka. Alichukua kalamu akafuta ghala kwenye orodha ya kazi. "Kwa bei hiyo nachora yadi na ofisi mbili za mpakani. Ghala utalitafutia mtu mwingine." Masumbuko akapanda ili ghala lirudi, na ghala likarudi. Mgeni alipokwisha kuondoka ndipo alipogundua kwamba amekubali bei ya kwanza yote.

Nesta alikuwa binti wa Yonathani, mkulima wa kahawa wa Iyula. Kahawa ilipoachiwa wanunuzi binafsi, magari yalipanda Mbozi kuinunua mbichi shambani kwa fedha taslimu, na majirani wakauza. Yonathani aligoma. Aliikoboa, akaiosha, akaianika mwenyewe, akasubiri bei, na bei hiyo ndiyo iliyomfikisha binti chuo kikuu. Baadaye Nesta alifanya kazi benki Dar es Salaam, akipanga jinsi matawi yatakavyosemezana na makao makuu, mpaka alipokataa kupitisha mfumo ambao wakubwa walikuwa wamekwisha kunywa chai na muuzaji wake. Wakamwambia achague. Akachagua basi la Tunduma. Pale Chapwa majirani walimwita fundi kompyuta, wakamletea simu zilizoingia maji. Alizirudisha zote. Wakasema anaringa, na kweli alikuwa anaringa kidogo.

Kazi ilipoanza, Masumbuko alitegemea kumwona mezani. Akamkuta yadini, kakaa juu ya tairi, anamuuliza kila mtu swali lilelile: lori ni nini?

"Dada," Mbonile, msimamizi wa yadi, alimjibu, "lori ni hilo linalokuziba jua. Sogea."

Jibu alilipata kwa macho. Kichwa cha lori kiliingia kutoka Nakonde kikivuta tela la shaba ambalo karatasi zake zilikuwa hazijakamilika. Mbonile akapiga mluzi. Tela likafunguliwa, likabaki. Kichwa kikarudi nyuma mpaka kwenye tela jingine ambalo karatasi zake zilikuwa tayari, kikafungwa, ajenti wa forodha akasahihisha namba ya kichwa kwenye karatasi, kikaondoka kuelekea Mbeya. Vichwa vya kampuni nyingine vililala Tunduma vikisubiri karatasi. Vya Masumbuko havikulala. Huo ndio ulikuwa ujanja uliomtoa kwenye lori moja la mkopo, naye hakuwa amemwambia Nesta hata neno. Alimlipa achore biashara yake, kisha akamficha biashara yenyewe. Mfanyabiashara wa mpakani hata daktari humwonyesha nusu ya ugonjwa, asije akapandisha bei.

Wakati huohuo alishamwita Raphaeli, muuzaji kutoka Dar es Salaam mwenye mfumo uliokwisha tengenezwa. Ulikuwa rahisi, na ulikuwa tayari, wakati Nesta bado anauliza maswali. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Nesta tu. Akawakutanisha.

"Kwenye mfumo wako lori lina namba ngapi?" Nesta alimuuliza Raphaeli.

"Moja. Namba ya kichwa. Ndivyo ilivyo kote, dada."

"Na shaba inafuata nini?"

"Inafuata lori, itafuata nini tena?"

"Hapa inafuata tela. Kichwa kikifika Makambako na tela jingine, mwenye shaba ataambiwa mzigo wake uko Makambako. Na mzigo wake uko hapo nje. Mbonile ameuegemea."

Masumbuko alihisi siri yake imewekwa mezani kama nyama buchani.

"Hiyo ni kasoro ndogo," Raphaeli alisema. "Tunaongeza sehemu ya maelezo, dereva anaandika."

"Siku asipoandika?"

Raphaeli akamtazama mwenye yadi.

"Tia sahihi, binti," Masumbuko alisema. "Tukishapata mkataba tutarekebisha."

"Nyumba iliyojengwa kwenye mkondo wa maji hairekebishwi, mzee, inahamishwa. Kichwa na tela ni vitu viwili. Hilo liko chini kabisa, mengine yote yamekaa juu yake."

"Bosi hapa ni nani?"

"Ni wewe. Nunua unachotaka. Sahihi ni yangu."

"Ujira wako wa awamu ya pili bado uko kwangu."

"Kaa nao."

Akakunja michoro yake, akaenda zake.

Masumbuko hakuzoea kuachwa peke yake kwenye mapatano. Kesho yake aliendesha gari hadi Iyula, maana binti akishupaa, mtu huenda kwa baba yake. Yonathani alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenzangu," mzee alisema, "huyo nilishindwa kumwamuru aolewe. Ndiyo nitaweza kumwamuru atie sahihi?"

"Wewe ni baba yake."

"Ndiyo maana najua."

Masumbuko akarudi Tunduma, na siku ya tatu akampigia simu Nesta. "Njoo. Sema bei yako."

Bei haikuwa fedha. Alitaka aonyeshwe kila kinachofanyika yadini, bila kufichwa, na mchoro ubaki mali yake, auze kwa msafirishaji yeyote Tunduma.

"Uwauzie wapinzani wangu ujanja wangu?"

"Ujanja wako uko barabarani, mzee. Mimi nimeutazama nikiwa nimekaa juu ya tairi. Wao pia wana macho."

Walibishana mchana kutwa. Masumbuko aliongeza fedha, akaongeza tena, akageuka baba, akageuka bosi, akanuna. Alichopata ni kimoja tu: asimuuzie mtu mpaka msimu wa kahawa uishe.

Tarehe aliyoiweka mwenye shaba ilipita mfumo haujakamilika, na nusu ya shaba ikaenda kwa kampuni nyingine. Mfumo ulipokamilika Nesta akautia sahihi, na nusu iliyobaki ikabebwa na Masumbuko, ikabaki kwake, kwa sababu mwenye shaba alipoulizia tela lake aliambiwa mahali lilipokuwa kweli. Ofisi ya Nakonde ilikosa mtandao mara nyingi. Iliendelea kuandika peke yake, na mtandao uliporudi ikaoanisha kumbukumbu zake na za Tunduma.

Kahawa ilipokwisha kuvunwa Nesta aliuza mchoro kwa kampuni tatu za Tunduma, na vichwa vyao navyo vikaacha kulala. Hapo Masumbuko akawa msafirishaji kama wengine, na analijua hilo. Nesta hakulipwa ujira wa pili, wala hakurudi kuuomba. Ana ofisi yenye madirisha mawili na kazi nyingi kuliko muda wake, na bei yake haishuki.