Mfalme wa Ukuta Mfupi

Nilianza kucheza besiboli nikiwa tayari na kitambi. Nasema mapema ili msomaji asinichore kichwani kama kijana wa misuli. Mwenzangu mmoja wa benki hapa Johannesburg alikuwa na timu ya Jumamosi, na wiki moja walipungukiwa mtu. Akaniambia kazi yenyewe ni kusimama tu kwenye nyasi. Mimi mtoto wa Nakuru, michezo yote niliyoijua niliijua kwa kutazama, kwa hiyo kazi ya kusimama niliona naiweza.

Lakini besiboli haikuruhusu usimame siku nzima. Zamu ikifika unapewa gongo, mrushaji wa upande wa pili anakutupia mpira, nawe unajaribu kuupiga. Ukiupiga ukavuka ukuta wa mwisho wa uwanja, hakuna wa kukugusa tena: unavizunguka vituo vyote vinne taratibu na bao ni lako. Ukiukosa mara tatu, au ukidakwa hewani, unarudi benchi. Jumamosi ile ya kwanza nilifumba macho, nikazungusha gongo kama mtu anayefukuza nyuki, na nilipoyafumbua watu walikuwa wakipiga makofi. Mpira ulikuwa umevuka ukuta.

Nikavusha mwingine wiki iliyofuata. Kufikia katikati ya kiangazi, katika timu yetu hakuna aliyevusha mingi kama mimi. Nikanunua glavu za ngozi na miwani ya jua. Nikampigia kaka yangu nyumbani nikamwambia, "Huku wananiita Mfalme." Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilingoja waanze, wakachelewa, nikaamua kuwasaidia.

Sasa niueleze uwanja wetu. Uko kusini mwa jiji, na kanisa la jirani lilipohitaji maegesho liliuziwa kipande cha upande wa kushoto. Wakajenga ukuta. Basi kulia uwanja ni mpana kama kawaida, ila kushoto ukuta umesogea karibu kabisa, na mtu wa mkono wa kulia anayewahi kuzungusha gongo, mpira wake huelekea kushoto. Mimi ni wa mkono wa kulia, na nawahi sana, kwa sababu ya woga. Juu ya hayo, jiji lenyewe liko juu mno na hewa yake ni nyepesi. Mpira ukiruka haukuti kitu cha kuushika. Haya yote nilikuwa nayaona kwa macho yangu kila Jumamosi, na sikuyahusisha hata kidogo na ushujaa wangu.

Mrushaji wetu alikuwa Mkongo wa Lubumbashi mwenye saluni mtaa wa Yeoville hapa jijini, mdogo wangu kwa umri. Alijifunza mchezo huu Durban, alikofikia kwanza, na huko alisifiwa kwa mpira wake wa kukunja: unakuja umenyooka, ukimkaribia mpigaji unadidimia ghafla kama umeingia shimoni. Alipohamia Johannesburg mpira ukagoma kukunja. Ulikuja umenyooka na ukabaki umenyooka, wapigaji wakausherehekea. Kila timu iliyotutembelea iliondoka na furaha.

"Kaka mukubwa," aliniambia siku moja, akijikanda bega, "mukono yangu niliiacha Durban. Sijue ni uzee, sijue ni mutu ananiloga."

Nami, niliyeanza mchezo huu juzi, nikamketisha kwenye benchi nikamshauri. Nilimwambia tatizo ni kujiamini. Nikamwonyesha namna ya kusimama. Nikamwambia anitazame mimi: je, nina wasiwasi? Alinisikiliza kwa heshima yote. Heshima hiyo ndiyo inayoniumiza hadi leo.

Kinachonichekesha zaidi ni kazi ninayolipwa kuifanya. Pale benki mimi ndiye ninayepima matawi. Kila mwaka nasimama mbele ya wakubwa na kuwaeleza kwamba meneja wa tawi lililo ndani ya jengo la maduka asilinganishwe hivi hivi na wa mji mdogo ambako duka la maana ni spaza moja, kiduka cha uani. "Kwanza ondoeni mchango wa mahali," huwaambia, "ndipo mtamwona mtu." Wananipongeza. Halafu Jumamosi navaa miwani yangu ya jua na kwenda kuupiga mpira juu ya ukuta wa kanisa.

Mwezi wa Februari tukaalikwa Durban kwa mechi ya kirafiki. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuja kunitazama, nilimsihi aje. Nilimwambia achaji simu vizuri kwa ajili ya video.

Uwanja wa kule ulikuwa karibu na bahari na ukuta wake ulikuwa mbali pande zote, mbali kiasi kwamba maandishi ya matangazo sikuweza kuyasoma. Nilidhani ni miwani. Hewa ilikuwa nzito, fulana ilinigandia kabla sijafanya lolote.

Zamu yangu ilipofika niliupiga mpira mmoja safi kuliko yote niliyowahi kupiga. Niliuhisi hadi kwenye viwiko. Sikungoja kuutazama. Nikaliweka gongo chini kwa madaha, nikainua mkono mmoja, nikaanza kuvizunguka vituo polepole kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Nilipita cha kwanza, nikampungia mke wangu. Nilikuwa nakaribia cha pili nilipogundua kwamba hakuna anayeshangilia. Mchezaji wao wa nyuma alikuwa amepiga hatua chache mbele, ameudaka mpira, na alikuwa amesimama nao mkononi akinitazama kwa huruma. Hata ukuta haukuwa karibu naye.

"Eish," alisema kocha wetu, mzee wa hapa hapa Johannesburg, nilipofika benchi. "Ulikuwa unaenda wapi?"

Zamu zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo, ila sikuinua tena mkono.

Lakini yule Mkongo! Mpira wake wa kwanza ulikuja umenyooka, mpigaji akazungusha kwa nguvu zote, na mpira ukadidimia chini ya gongo lake. Wa pili ukafanya vile vile. Yeye mwenyewe alisimama akautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Kisha akaanza kucheka, na hakuacha kucheka mechi nzima. Mmoja baada ya mwingine wakarudi benchi wakitikisa vichwa. Tulishinda kwa bao moja, nami sikuhusika nalo kwa namna yoyote.

Njiani kurudi, mke wangu aliendesha gari. Nilikuwa nimeanza kueleza habari za hewa nzito na umbali wa ukuta, kwa sauti ile ile ninayoitumia mbele ya wakubwa. Alinisikiliza hadi robot ya kwanza, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani.

"Baba watoto," akasema, "hiyo hewa nzito, mwenzako alikuwa anarusha mpira ndani ya hiyo hiyo, sivyo?"

"Inamsaidia yeye. Hewa nzito ndiyo inayoukunja mpira. Kule kwetu ni nyepesi, haukunji."

"Na wako?"

"Wangu, kule kwetu, unaruka zaidi."

"Basi umejua," akasema, na robot ikawaka kijani.

Jumatatu nilikwenda Yeoville baada ya kazi. Nilimkuta mrushaji wetu akisuka nywele za mteja, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni: kwamba mkono wake haukuwa na kasoro, kwamba ushauri wangu autupe. Alisimamisha vidole, akanitazama.

"Sasa ile kusimama ulinifundisha?"

"Isahau."

"Nilishaisahau siku ile ile, kaka mukubwa," akasema. "Nilinyamaza juu wewe ni mukubwa." Mteja wake akacheka kuliko sisi wote.

Msimu haukuisha kabla timu ya Durban haijamwita. Alihamisha saluni na familia, tukamuaga kwa pilau na pondu, majani ya muhogo ya kwao, hapo hapo Yeoville. Kocha wao alipopiga simu kukamilisha mambo, aliuliza kwa upole kama yule mzee wa miwani ya jua aliyekuwa akitembea uwanjani ni mshabiki wetu.

Mimi bado nacheza. Kocha amenishusha hadi mpigaji wa mwisho, na ananifundisha kuchelewesha gongo ili mpira uende kulia, kule kwenye nafasi. Jumamosi iliyopita niliupeleka huko, chini chini, ukapenya katikati ya wadakaji wawili. Ilinibidi nikimbie kweli kweli. Nilifika kituo cha kwanza nikahema, nikashika magoti, na mlinzi wa kituo akaniuliza kama niitiwe maji.