Niliiweka Kamera ya Nyota Kwenye Friji ya Soda

Nakiri mwenyewe, hakuna aliyenishikia fimbo: ile kamera niliiua mimi. Mwalimu hana kosa hata chembe. Nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani, nilikuwa na studio ya picha Kizota, Dodoma. Picha nyeusi na nyeupe ndizo zilizonipa jina, na kichwa kilinivimba kweli kweli.

Rafiki yangu, mkubwa kwangu kwa umri, alikuwa mwalimu wa fizikia Kondoa. Mgeni mmoja mchimba visima, mpenzi wa nyota, alikuwa anajiandaa kurudi kwao. Akampa kamera mbili za kupiga picha za anga, zote za nyeusi na nyeupe, zote zinajipoza zenyewe kwa umeme. Walinganishe, itakayowapendeza ibaki shuleni. Jamani, wanafunzi walishajenga hadi kibanda cha tofali chenye paa la kufunguka!

Mwalimu alizijaribu huko huko, kisha akaniletea Dodoma kwa basi, pamoja na picha zake.

"Hii ndogo chenga tupu," akasema. "Kubwa inapoa zaidi, picha safi. Lakini mwenye jicho ni wewe, mdogo wangu. Utakalosema ndilo."

Akaziacha kwangu, akaenda ofisi ya elimu.

Nilizitazama picha. Kubwa ilishinda mbali, nyota zimetulia. Si ningeishia hapo? Lakini sisi watu wa studio filamu tulizitunza kwenye friji, joto lisiziharibu. Nikajidai: kama siri yake ni baridi, ngoja niipoze mapema, Mwalimu akirudi aone maajabu. Nikaisukumia katikati ya chupa za soda.

Saa nane mchana nikaitoa. Ikaanza kutoka jasho mwili mzima, kama soda iliyoachwa mezani. Sikungoja ikauke. Nikaifuta kwa kanga ya mke wangu, nikachomeka umeme. Pa! Harufu ya kuungua ikajaa studio.

Nikairudisha kwenye boksi lake, nikalifunga kwa kamba ileile.

Mwalimu aliporudi nikamwambia kubwa haiwaki. Akakaa kwenye benchi la wateja, mikono kichwani.

"Ni lile basi," akasema. "Niliiweka chini ya kiti. Si ningeipakata tu, mjinga mimi!"

"Barabara ile mbaya, Mwalimu," nikajibu. Ee Mungu wangu, nilijibu hivyo!

Mgeni aliposikia alichukua hata ile ndogo. Mwalimu hakuwahi tena kuwatoa wanafunzi nje kutazama nyota. Kile kibanda sasa wanahifadhia mahindi, paa limepigiliwa misumari. Na mimi nikaanza kumkwepa. Nikimwona anakuja studio, natokea mlango wa nyuma.

Juzi tumekutana stendi, kazeeka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Najua kwa nini uliniacha, mdogo wangu. Nilikuletea kitu kibovu, nikakuvunjia heshima. Nisamehe."

Nikasema, "Yamepita, Mwalimu."

Wenzangu, nawaomba! Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo, kabla hajakaa kwenye benchi. Ukichelewa, itafika siku utamsamehe mtu uliyemkosea wewe.