Tutarudi, Inshallah

Juzi, katika benki moja mjini Malindi, niliona kimashine cha wateja kutoa maoni, chenye uso unaocheka na uso ulionuna. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliubonyeza ulionuna kwa nguvu, akaenda zake. Nikamkumbuka Bi Rukia.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, duka la Baba lilinukia leso mpya na ubani. Bi Rukia alikuja kutafuta leso za kuwapa wakwe wa bintiye. Nilimwamkia shikamoo, nikamletea kigoda.

"Baba Zena, hebu nikunjulie hii nilisome jina lake," alisema. Leso ya wakwe haitolewi bila kujua imeandikwa nini.

Baba hakuinuka. "Zote nzuri tu, mama. Nikizikunjua, nani atazikunja?"

Mkunjaji nilikuwa mimi, kwa hiyo nilifurahi.

Bi Rukia alitabasamu, akalitengeneza buibui lake, akanipapasa kichwa. "Haya, tutarudi, inshallah."

"Umemwona mtu mwenye adabu?" Baba akaniambia alipokwisha kutoka.

Ng'ambo ya njia, kwenye duka jipya, nikasikia leso zikikung'utwa, pa, pa, na Bi Rukia akisoma majina kwa sauti huku wanawake wakicheka. Nikawaonea huruma watu wa kule kwa kazi ya kukunja iliyowangoja.

Kila alasiri vicheko vile vilizidi, na kwetu wakasikika nzi tu. Hakuna aliyetugombeza. Hakuna aliyelalamika.

Kile kigoda sikumruhusu mtu kukikalia. Nilimwekea Bi Rukia, mpaka siku walipokuja watu kukichukua pamoja na rafu za Baba.